"Mwanangu, wewe ivute tu"

Juzi mama mmoja aliniletea nembo ya kikundi chao cha kuweka na kukopa. Alikuwa nayo kwenye WhatsApp, imetoka kwa katibu ikapita kwa mweka hazina ndipo ikamfikia yeye. Anataka bango la mita 3 kwa 1, la kutundika ukumbini. Nikamwambia picha haitoshi. "Mwanangu, wewe ivute tu kwa Photoshop." Nilianza kazi hii ya kusanifu nembo, kadi na mabango mwaka 2005 na CorelDRAW 12, programu ya kuchorea. Matoleo yamekuja na kupita, kauli hiyo bado ipo.

Picha ndogo ikivutwa haiwi kubwa. Kinachokua ni karatasi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubaki na pikseli, yaani vinukta vya rangi vinavyoijenga picha, 1600 hivi upande wake mrefu. Zitandaze kwenye mita 3, kila pikseli inachukua karibu milimita 2, na aliyekaa safu ya mbele ataona ngazi kwenye ukingo wa kila herufi. Ukiichapa picha hiyohiyo kwa pikseli 300 kwa inchi, itatoka safi kwa upana wa sentimita 13 na nusu tu, saizi ya kadi ya mwaliko. Bango halihitaji 300, maana linatazamwa kwa mbali, 100 inatosha. Hata hivyo, mita 3 kwa kiwango hicho ni pikseli kama 11,800. Tunazo 1600. Zilizobaki zitatoka wapi?

"Si uandike 300 pale kwenye resolusheni?" Yaani pale penye idadi ya pikseli kwa inchi. Hili nalisikia hata kwa vijana wa fani yetu, na linaniuma. Ukibadili namba hiyo bila kuongeza pikseli, umebadili vipimo vya kuchapia tu. Ukiongeza pikseli, programu inazikisia kutokana na zile jirani. Programu mpya za akili mnemba zinakisia vizuri nyuso na majani ya miti, lakini nimeziona zikigeuza namba ya usajili chini ya nembo kuwa michoro isiyosomeka.

Halafu yuko anayesema, "Basi nimeigeuza PDF." PDF ni bahasha. Ukitia JPEG, yaani picha ya pikseli, ndani yake, umepata JPEG iliyo ndani ya bahasha. Nembo inataka vekta, yaani mistari na mikunjo iliyohifadhiwa kama hesabu, ndiyo maana ukiikuza haichakai. Jamani, aliyewachorea nembo mdaini faili la asili la vekta, lenye jina linaloishia na CDR, AI au SVG, siku ileile mnayomlipa. Msingoje miaka mitano, kashahama mji. Faili likikosekana, nembo inachorwa upya, na hiyo ni kazi yenye malipo yake.

"Rangi itoke kama ilivyo kwenye simu." Haiwezekani. Kioo cha simu kinatoa mwanga, mashine ya kuchapa inachanganya wino wa rangi nne. Bluu inayowaka huelekea zambarau, kijani kikali hufifia. Ombeni sampuli kabla ya kuchapa kadi 500.

"Photoshop inafanya kila kitu." Thomas na John Knoll waliitengeneza kwa ajili ya picha, ikaingia sokoni mwaka 1990, na kwenye picha ndipo penye nguvu yake. Kitabu cha kurasa 80 kipangwe kwa InDesign, programu ya kupanga kurasa. Nembo ichorwe kwa programu za vekta: Illustrator, CorelDRAW au Inkscape. Inkscape ni ya bure tangu mwaka 2003 na vekta yake ni vekta kamili, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba programu ya bure ni ya kuchezea.

"Ukinunua toleo jipya kazi zitapendeza." Baadhi ya kadi za harusi ninazozipenda zaidi nilizitengenezea kwenye ile Corel 12. Toleo jipya lina faida zake, ila hifadhini pia nakala kwa toleo la zamani, la sivyo faili litagoma kufunguka kwa mchapaji.

Mimi na yule mama tulimpigia simu katibu, katibu akamtafuta mchoraji. CDR lilikuwa bado kwenye flashi yake. Jioni likafika WhatsApp, safari hii limetumwa kama dokumenti, si kama picha.