Jinsi ya Kuisoma Dukati ya Venice

Dukati ni sarafu ndogo na nyembamba. Kipenyo chake ni milimita 20 hivi, uzito gramu 3.5, dhahabu karibu safi kabisa. Venice iliamua kuitoa mwaka 1284, enzi za mtawala wake, doge Giovanni Dandolo, miaka 32 baada ya florini, sarafu ya dhahabu ya Florence. Kipimo walifuata cha florini. Michoro wakatunga ya kwao.

Upande mmoja, Mtakatifu Marko anamkabidhi bendera doge aliyepiga magoti. Herufi S M VENETI zinamtaja Marko, na neno DVX, yaani doge, linashuka kando ya mti wa bendera. Upande wa pili, Kristo anabariki akiwa ndani ya umbo la lozi lililojaa nyota. Maandishi ya Kilatini yanayomzunguka yanamkabidhi dola hii anayoitawala, na neno la mwisho, DVCAT, kifupi cha DVCATVS, ndilo linalodhaniwa kuipa sarafu jina.

Michoro hiyo ilidumu hadi jamhuri ya Venice ilipoanguka mwaka 1797. Haukuwa uvivu wa wachongaji: mfanyabiashara wa Alexandria aliyeizoea angeitilia shaka sura mpya. Imani hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1425 Sultani Barsbay wa Misri alitoa dinari yake, ashrafi, kwa uzito unaoikaribia dukati ili kushindana nayo.

Sarafu haina mwaka, hivyo anza na jina la doge; ndilo lililobadilika. Likiwa halisomeki, au Kilatini kikiwa vijistari visivyo na maana, shuku mwigo. Miigo mingi ilitengenezwa mashariki ya Mediterania na India na wachongaji wasiojua Kilatini, na mingine ni ya dhahabu nzuri, kwa hiyo uzito pekee hautoshi. Uso wa Kristo uliofutika si ushahidi. Mara nyingi nyundo haikupiga sawasawa.

Kukagua madini, tumia mizani inayosoma gramu 0.01. Ipime sarafu, kisha ining'inize majini kwa uzi mwembamba. Dukati halisi hupungua takriban gramu 0.18, shaba iliyopakwa dhahabu, yenye uzito uleule, hupungua karibu 0.39. Viputo vya hewa vikinata kwenye sarafu, upungufu huongezeka na dhahabu safi huonekana bandia. Viondoe kwanza kwa brashi laini.

Kagua pia ukingo kwa kioo cha kukuzia. Tundu lililozibwa au alama ya kulehemu huonyesha iliwahi kuvaliwa kama pambo. Usiisugue wala kuing'arisha: mikwaruzo ya kitambaa haiondoki tena.