Sefu ya Chumbani Si Makabidhiano

Kila msimu wa likizo unapokaribia, meza yetu ya malalamiko ya wageni wa hoteli hujaa majalada yanayofanana kama mapacha. Mgeni aliweka fedha na mkufu ndani ya sefu ya chumbani, akatoka kwa matembezi, akarudi usiku amechoka, akalala. Asubuhi ya kuondoka anafungua sefu: mkufu upo, bahasha ya fedha imekonda. Anashuka mapokezi kwa hasira, meneja anaomba radhi, teksi inapiga honi nje, mgeni anaondoka. Wiki tatu baadaye ndipo anatuandikia akitaka hoteli imlipe fedha yote, na ameambatisha picha ya sefu ikiwa wazi, haina kitu.

Picha ya sefu tupu inathibitisha kwamba sefu ni tupu, basi. Haisemi kulikuwa na nini ndani, wala nani alikichukua, wala lini.

Malalamiko ya namna hii yameongezeka, na ndiyo sababu ya makala hii. Tahadhari moja kwanza, maana ofisi isingeniruhusu niiruke: haya ni maelezo ya jumla. Sheria za hoteli hutofautiana baina ya nchi na nchi, na kila tukio lina mazingira yake. Mwenye shauri lililokwisha kufika mbali amwone wakili.

Nani mwingine anaweza kuifungua

Wageni wengi huichukulia sefu ya chumbani kama tawi la benki. Ile ni kabati ndogo ya chuma yenye namba ya siri. Kila siku kuna mgeni anayesahau namba yake, na mwingine anayeondoka ameifunga. Hoteli isingeweza kufanya kazi bila njia ya kuifungua. Kwa hiyo ipo namba kuu, au kifaa maalumu, au tundu la ufunguo lililofichwa nyuma ya kibandiko chenye jina la mtengenezaji. Hili si siri wala si njama. Katika hoteli inayojiheshimu, sefu ya mgeni haifunguliwi na mtu mmoja: wanakuwapo wawili, mgeni mwenyewe yupo, na daftari linasainiwa. Katika hoteli isiyojali, namba kuu bado ni ile iliyotoka nayo kiwandani, sifuri au tisa zilizopangwa mfululizo, na inajulikana na kila aliyewahi kufanya kazi pale, pamoja na waliokwisha kuacha kazi.

Kabla hujaweka kitu, isukume sefu kwa mkono. Ikitikisika au ikisogea, haijafungwa kwa boliti ukutani au kwenye kabati, na mwizi hatahitaji namba. Ataondoka nayo nzima. Kisha ifunge na kuifungua mlango wake ukiwa wazi, uone kama inatii namba yako. Kuhusu namba yenyewe, tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, lakini ukichagua mwaka wako wa kuzaliwa umemrahisishia mwizi kazi hadi namba zisizofika 100. Namba ya chumba usiifikirie kabisa. Vidole vyenye mafuta ya kujipaka huacha alama kwenye vibonyezo vinne tu kati ya kumi, kwa hiyo pangusa. Na kama wewe ni wa kusahau, weka ndani ya sefu kiatu kimoja cha safari. Hakuna aliyewahi kuondoka hotelini na kiatu kimoja bila kushtuka.

Kwa pasipoti, kompyuta mpakato na fedha za matumizi ya siku mbili tatu, sefu ya namna hii inatosha. Inamzuia mdokozi, yule anayepita na kuona kitu kimeachwa mezani. Tatizo huanza pale mtu anapoweka humo urithi wa mama yake.

Kukabidhi ndiko kunakobadilisha deni

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asichoke, kwa sababu ndipo majalada mengi yanapofia. Kuweka mali kwenye sefu ya chumbani na kuikabidhi mapokezi ni mambo mawili tofauti mbele ya sheria, hata kama sefu zote mbili zina chuma cha unene uleule. Ya kwanza umeiweka wewe, hoteli haijui umeweka nini. Ya pili hoteli imepokea.

Wazo la kwamba mwenye nyumba ya wageni anawajibika kwa mizigo ya msafiri ni la kale mno. Sheria ya Warumi iliwabana manahodha, wenye nyumba za wageni na wenye mazizi kwa pamoja, kwa kuwa msafiri hakuwa na namna ila kuwaamini, nao walisifika kwa kula njama na wezi. Sheria za leo zimepunguza ukali huo kwa kuweka ukomo wa fidia. Nchini Uingereza, Sheria ya Wamiliki wa Hoteli ya mwaka 1956 iliweka ukomo wa pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa jumla. Msomaji asidhani nimekosea kuandika. Ni mia moja. Ujerumani hutumia bei ya chumba: hadi mara 100 ya bei ya siku moja, isipungue yuro 600 na isizidi 3,500, ila kwa fedha taslimu na vitu vya thamani kilele ni yuro 800. Ufaransa nayo ina ukomo wa mara 100 ya bei ya chumba kwa siku.

Sasa sikiliza. Katika nchi zote hizo tatu, ukomo huo huondoka mgeni akiwa amekabidhi mali kwa hoteli iitunze, au akiwa ametaka kuikabidhi na hoteli ikakataa bila sababu halali. Huondoka pia ikithibitika kwamba kosa ni la hoteli au wafanyakazi wake. Mkataba wa Ulaya kuhusu wajibu wa wenye hoteli, uliotiwa saini Paris tarehe 17 Desemba 1962, unakwenda mbali kidogo: unasema hoteli ina wajibu wa kupokea fedha na vitu vya thamani, na inaweza kukataa tu ikiwa kitu ni cha hatari, au ni kikubwa cha kuleta usumbufu, au thamani yake imepita kiasi ikilinganishwa na hadhi ya hoteli yenyewe. Hoteli inaweza kudai kitu kiwe ndani ya chombo kilichofungwa au kutiwa lakiri. Huo ndio utaratibu, na tunashangaa jinsi wageni wanavyoona aibu kuuomba, kana kwamba wanamshuku mpokezi.

Makabidhiano yanayofaa huenda hivi. Mnahesabu pamoja, wewe na mfanyakazi, mahali pasipo na foleni ya watu wanaotazama. Mali inaingia kwenye bahasha, bahasha inafungwa, kisha nyote wawili mnasaini juu ya mshono wake ili ikifunguliwa ijulikane. Unapewa stakabadhi inayotaja kitu kwa maelezo, si "bahasha moja" bali "mkufu mmoja wa dhahabu wenye kidani" na kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno. Tarehe, saa, jina la aliyepokea na sahihi yake. Itaje pia nani anaruhusiwa kuichukua. Wanandoa hulidharau hili hadi siku mmoja anapochukua bahasha na mwenzake hajui. Stakabadhi usiitunze ndani ya bahasha hiyohiyo. Naandika hivyo kwa kuwa imetokea. Siku ya kuchukua, kagua sahihi kwenye mshono, fungua, hesabu, halafu ndipo usaini kwamba umepokea. Ukisaini kwanza na kuhesabu ukiwa njiani, umejifungia mlango kwa mkono wako.

Hoteli ikikataa kupokea, omba ikuandikie. Isipotaka kuandika, tuma ujumbe mfupi au baruapepe papo hapo: leo saa fulani niliomba kukabidhi kitu fulani, nikajibiwa hivi. Ujumbe huo una uzito kuliko mashahidi watatu.

Kibao cha "uongozi hautahusika"

Kuna imani mbili, zote potofu, na hushikiliwa kwa nguvu sawa. Wa kwanza husema kibao kilichobandikwa nyuma ya mlango kinaifuta hoteli wajibu wote. Wa pili husema kibao kile hakina maana yoyote. Uingereza, kwa mfano, hoteli haipati kinga ya ule ukomo mpaka tangazo lililowekwa na sheria lionekane vizuri karibu na mapokezi au mlango mkuu. Kwa hiyo kibao kina maana, lakini kinapunguza kiasi tu, hakifuti. Ujerumani mgeni anaweza kusamehe wajibu unaozidi ukomo, ila kwa maandishi yake mwenyewe, katika karatasi isiyo na masharti mengine. Kibao cha ukutani hakitimizi hilo. Kusoma kibao huchukua nusu dakika. Kukijadili nasi baada ya wizi huchukua miezi.

Jambo moja ambalo wengi hawalipendi: gari. Sheria ile ya Uingereza ya 1956 haihusu magari wala vilivyomo ndani yake. Begi lililoachwa kwenye gari, hata katika uwanja wa hoteli wenye mlinzi na geti, mara nyingi limeachwa nje ya ulinzi wa sheria.

Mlango

Kadi za milango si madhubuti kama zinavyoonekana. Mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba kufuli za milango ya hoteli za kampuni ya Onity ziliweza kufunguliwa kwa kifaa kidogo, na mwaka 2024 watafiti walitangaza udhaifu katika kufuli za aina ya Saflok, zilizokuwa kwenye milango zaidi ya milioni 3. Komeo la ndani linategemea mkono wako, si kadi. Lifunge kila uwapo chumbani, na uutazame pia mlango wa kuunganisha vyumba viwili kama upo. Usiku simu ikiita na sauti ikajitambulisha kuwa ni ya mapokezi, ikikuomba namba ya kadi ya benki kwa sababu "mtandao umegoma", kata, shuka mwenyewe. Mengine yanajulikana.

Ila niseme kuhusu ukumbi wa kifungua kinywa, maana wageni huja kwetu wakiwatuhumu wahudumu wa usafi kabla ya kufikiri. Begi linalotundikwa nyuma ya kiti wakati mwenyewe amekwenda kupanga foleni ya chakula halihitaji mhudumu ili lipotee. Mtu yeyote aliyevaa vizuri anaweza kuingia pale kutoka mtaani. Kumtuhumu mfanyakazi kwa jina bila ushahidi kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Ukikuta kitu hakipo

Toa taarifa saa hiyohiyo. Sheria ya Ujerumani inamnyima haki mgeni asiyetoa taarifa mara tu anapogundua, isipokuwa alikuwa amekabidhi mali, au kosa ni la hoteli au wafanyakazi wake. Hata pale ambapo sheria haisemi hivyo, mashine zinasema. Kufuli nyingi za kielektroniki hutunza kumbukumbu ya kadi iliyofungua mlango na saa yake, na kadi ya mgeni hutofautishwa na ya mfanyakazi. Sefu nyingi nazo hutunza kumbukumbu zao. Lakini nafasi ya kutunza ina mwisho: kumbukumbu mpya hufuta za zamani, na picha za kamera za korido hujifuta zenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Mgeni anayetuletea shauri baada ya mwezi anatuomba tutafute kitu ambacho hakipo tena.

Usiguse sefu tena. Omba meneja wa zamu, si mpokezi pekee. Andika maelezo yako, orodha ya vilivyopotea, saa uliyoviona mara ya mwisho. Omba nakala iliyosainiwa na kugongwa mhuri. Omba kwa maandishi kwamba kumbukumbu za mlango, za sefu na picha za kamera zihifadhiwe. Hoteli haitakukabidhi picha hizo, kwa sababu zina watu wengine ndani yake, na usigombane nao kwa hilo, polisi watazichukua. Kisha nenda polisi wewe mwenyewe. Taarifa ya hoteli si taarifa ya polisi, na kampuni za bima ya safari kwa kawaida hutaka ya polisi, mara nyingi ndani ya saa 24. Zina ukomo wa kila kitu kimoja pia, na hukataa vitu vilivyoachwa bila uangalizi.

Kwa simu, utahitaji namba yake ya utambulisho ya tarakimu 15, inayoonekana ukibonyeza *#06#. Ni vigumu kuibonyeza simu iliyoibwa, kwa hiyo iandike kabla ya safari. Kwa pasipoti, ukishatangaza kwamba imepotea usiitumie tena hata ukiiona chini ya godoro: namba yake huweza kuwa imeingia katika hifadhidata ya Interpol ya hati zilizoibwa na kupotea, iliyoanzishwa mwaka 2002, na utazuiliwa mpakani ukiwa na hati yako mwenyewe mkononi.

La mwisho linahusu wachache. Kuongeza kitu ambacho hakikuwapo kwenye orodha ya vilivyopotea, kwa hoja kwamba hoteli ina bima, ni udanganyifu. Kampuni ya bima ikigundua kitu kimoja cha uongo inaweza kuyatupa madai yote, pamoja na yale ya kweli, na taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa la jinai linalojitegemea. Sisi tukigundua, tunafunga jalada na kulipeleka kunakohusika. Risiti za ununuzi na picha ulizopiga nyumbani kabla ya kufunga sanduku ndizo tunazoomba kwanza, kwa kila mlalamikaji, bila kujali ana sura ya ukweli kiasi gani.