Sukari ya paka haisomwi kwa namba moja

"Daktari, huyu yuwanywa maji mchana kutwa, na kula yuwala, lakini mtizame alivyokonda."

Bibi wa Kibokoni, hapa Mombasa, aliyeniambia hivyo alikuwa amembeba paka wake dume ndani ya kikapu, amemfunika leso. Kilichomshtua zaidi ni sisimizi, walikuwa wakiuandama ule mchanga anaokojolea paka pembeni mwa ua. Nilipomtoa kikapuni na kumwacha atembee, alikanyagia visigino vya miguu ya nyuma, si vidole kama paka wanavyotembea. Hiyo ni dalili ya mishipa ya fahamu iliyodhurika kwa sukari ya muda mrefu. Kisukari, na si cha jana.

Tulimwanzishia insulini, sindano ya kushusha sukari ya damu. Siku ya nane bibi akapiga simu. Asubuhi ile kipimo kilimpa 21, jana yake jioni 11, juzi asubuhi 18. "Kipimo kimeharibika, mwanangu, au dawa tumeuziwa bandia?" Kipimo kilikuwa kizima na dawa ilikuwa halali. Wiki za mwanzo za tiba sukari ya paka hupanda na kushuka namna hiyo, na hatari yenyewe ni kile tunachofanya tukiogopeshwa na namba moja.

Kwanza tujue namba hizo ni za nini. Vipimo vya hapa Kenya huonyesha sukari kwa milimoli kwa lita. Paka mwenye afya hukaa kati ya 4 na 8 hivi. Ikipanda hadi 14 au 15, figo zake hushindwa kuizuia, sukari ikamwagika kwenye mkojo na kuburuta maji pamoja nayo. Ndiyo sababu anakojoa sana, anakunywa sana, na mchanga wake unavuta sisimizi. Basi paka anayeanza tiba hatumtafutii 5 saa zote. Tunataka sehemu kubwa ya siku akae chini ya hapo figo zinapomwaga, na asishuke hata mara moja mahali pa hatari. Ukilishika hilo, 13 ya jioni haitakunyima usingizi.

Kisukari cha paka kinafanana zaidi na kile kinachowapata watu wazima wanene kuliko kile cha watoto. Mwili unaikaidi insulini, na kongosho lenyewe linachoka. Kwa paka wengi protini iitwayo amiloidi hurundikana mle mle kwenye vijisehemu vinavyotengeneza insulini. Wanaoonekana zaidi ni madume waliohasiwa, wenye miaka saba kwenda juu, wanene, wa kulala barazani na kungojea sahani. Sindano za steroidi za kuzuia muwasho nazo huchangia. Ikiwa paka wako alichomwa hivi karibuni, sema hata usipoulizwa, kwa sababu dawa ikimaliza nguvu yake sukari inaweza kutulia yenyewe kiasi.

Jambo la pili ni hofu. Paka mzima kabisa, asiye na kisukari, akitaharuki sukari yake inaweza kuruka hadi 16 au zaidi. Mtoe paka Likoni, mpitishe feri katikati ya honi na mikokoteni, mpandishe tuktuk, kisha mweke mezani mbele ya mbwa anayebweka: namba utakayopata ni ya safari ile. Ndiyo maana hatumwiti paka mgonjwa kwa kipimo kimoja cha kliniki. Tunatazama mkojo, na tunapima fruktosamini, ambayo huonyesha wastani wa sukari ya wiki moja hadi mbili zilizopita na haijali kelele za asubuhi ile. Kwa sababu hiyo hiyo napendelea vipimo vya nyumbani, hata vikichukuliwa na mkono unaotetemeka.

Na mkono huzoea. Bibi huyu alikataa katakata mwanzoni, akaja kujifunza kwa kumwona mjukuu wake wa darasa la saba akifanya. Chovya kitambaa kwenye maji moto, kikamue, kibane sikioni hadi sikio liwe na joto. Pembezoni mwa sikio utaona mshipa mwembamba unaofuata ukingo. Weka pamba upande wa nyuma usije ukajichoma kidole, kisha choma karibu na ukingo, si katikati. Tone la ukubwa wa punje ya ulezi latosha. Bana pamba kidogo damu isimame, umpe kipande cha kuku. Baada ya wiki paka mwenyewe huja akiona kile kikopo cha vifaa, kwa ajili ya kuku. Kipimo cha binadamu kinatumika, ila kwa damu ya paka mara nyingi husoma chini kidogo ya ilivyo, kwa hiyo tumia kimoja hicho hicho siku zote na umwambie daktari wako ni kipi.

Sasa namba zenyewe. Tuseme paka amekula na kuchomwa saa moja asubuhi, akapimwa kila baada ya saa mbili. Saa moja ana 19, saa tatu 15, saa tano 10, saa saba mchana 6.5, saa tisa 8, saa kumi na moja 13, na saa moja jioni, kabla ya sindano ya pili, 17. Huyu anaendelea vizuri. Insulini imemshusha hadi mahali pazuri kisha nguvu yake ikaisha, kama inavyotarajiwa. Lakini mwenye paka anayepima saa moja ya asubuhi na saa moja ya jioni tu anaona 19 na 17, basi. Anaamua dawa haifanyi kazi, anaongeza yuniti nzima. Ile 6.5 ya saa saba mchana, wakati watu wako kazini, inakuwa 3 au chini yake. Hakuna kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko hili, na hufanywa na watu wanaowapenda paka wao kupita kiasi.

Sehemu ya chini kabisa huja kati ya saa nne na saa nane baada ya sindano, kutegemea aina ya insulini na paka mwenyewe. Hiyo ndiyo inayoamua dozi, si namba ya asubuhi. Na dozi haibadilishwi kila siku, kwa kuwa mwili huhitaji siku tano hadi saba kuonyesha dozi moja imefanya nini. Tunaanza chini, kwa paka wa kawaida yuniti 1 kila baada ya saa 12, tunapanda polepole. Kwa sukari ya juu ya wiki mbili tatu, paka anayekula na kuchangamka haponyokwi na uhai. Kwa sukari iliyoshuka mno, mchana mmoja unatosha.

Hapa nije kwenye chakula, kwa sababu ndicho kilichotaka kumtoa roho yule dume wa Kibokoni.

Paka ni mla nyama. Ini lake halikuumbwa kupokea wanga mwingi kwa mara moja. Lakini paka wa Mombasa anakula anachokula mwenyeji: ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa, wali, ganda la sambusa, na Ramadhani ikiingia, mabaki ya futari na ya daku juu yake, saa ambazo kwa kawaida analala. Chakula kikavu cha dukani nacho kingi kina wanga kuliko watu wanavyodhani. Kinachomfaa ni chakula laini cha kopo chenye protini nyingi na wanga kidogo. Kwa asiyekimudu kila siku, kuku au samaki wa kuchemsha bila chumvi ni bora kuliko ugali, ila nyama tupu kwa miezi haimtoshi; hukosa kalsiamu na mengine, basi panga na daktari cha kuongezea. Mnene apunguzwe taratibu, asilimia moja ya uzito kwa wiki yatosha. Usimfungishe saumu ya ghafla, maana ini la paka mnene asiyekula siku kadhaa hujaa mafuta, na huo ni ugonjwa mwingine.

Nilimweleza bibi haya yote, na nikasahau kulisisitiza moja: ukimpunguzia wanga paka aliye kwenye insulini, mahitaji yake ya insulini hushuka, pengine ndani ya siku chache. Mjukuu kwa bidii zake akaondoa ugali na wali siku hiyo hiyo, akampa kuku peke yake, dozi ikabaki ile ile. Siku ya nne, saa nane mchana, bibi akamkuta paka anayumba mlangoni kama aliyelewa, macho yamekodoka, akikosea hata kizingiti. Kipimo: 2.6. Alikumbuka asali. Akampaka kwa kidole kwenye ufizi, kidogo kidogo, bila kummiminia kooni, kwa sababu paka asiyeweza kumeza hupaliwa. Baada ya robo saa hivi paka akainua kichwa, akala, akaletwa kliniki. Hilo la kusahau ni langu, wala si la mjukuu. Tangu siku hiyo nalisema mara mbili na kuliandika kwenye karatasi: chakula kikibadilika, piga simu kabla, dozi ibadilike pamoja nacho.

Chini ya 3.5 ni hatari hata kama paka anaonekana mzima. Njaa ya ghafla, kuyumba, kutetemeka, kujificha, mwishowe degedege. Akiweza kula, mpe chakula mara moja. Asipoweza, asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, na njiani kwenda kwa daktari, maana asali hupita upesi lakini insulini bado iko mwilini. Vilevile pima kabla ya kila sindano. Ukikuta chini ya 10 katika wiki hizi za mwanzo, usichome kabla ya kuuliza. Amekataa kula au ametapika, uliza pia. Umechoma na huna hakika kama dawa imeingia au imemwagikia manyoya? Iache, usirudie. Sindano moja iliyokosekana haina madhara makubwa. Ya pili juu ya ya kwanza inaweza kumuua.

Sirinji nayo ina mtego wake. Insulini ya binadamu inayouzwa maduka ya dawa kwa kawaida ina yuniti 100 kwa kila mililita, na baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa wanyama zina 40. Kila moja ina sirinji yake. Ukivuta ile ya 100 kwa sirinji ya 40 hadi alama ya kwanza, umemchoma yuniti mbili na nusu ukidhani ni moja. Ukifanya kinyume chake, anapata chini ya nusu, na sukari haishuki hata ufanyeje. Yuniti moja ya ile ya 100 ni sehemu moja ya mia ya mililita, tone tu, kwa hiyo chukua sirinji ndogo ya mililita 0.3 yenye alama za nusu yuniti. Na ile insulini ya mchanganyiko, nyeupe kama maziwa, ambayo babu anajichoma, mwachie babu. Kwa paka nguvu yake huisha mapema, na sukari inayumba zaidi.

Joto la Mombasa lisisahauliwe. Insulini hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, rafu ya katikati, mbali na barafu, kwani ikiganda imekufa. Stima ikipotea, usifungue friji ovyo. Saa chache hazidhuru. Chungu chenye mchanga uliolowa husaidia bara kwenye hewa kavu, lakini kwa unyevu wetu huu hakipoi sana. Insulini ya glarjini iwe maangavu kama maji. Ikiwa na ukungu, itupe.

Wako wanaoniletea habari za dawa za kumeza kutoka kwa jamaa zao walioko Marekani. Ni kweli zipo: beksagliflozini iliidhinishwa huko mwaka 2022 na velagliflozini 2023, kwa paka ambao hawajawahi kutibiwa kwa insulini. Husukuma sukari itoke kwa mkojo. Zina hatari yake ya kuzalisha ketoni mwilini, yaani asidi zinazotokana na mwili kuchoma mafuta badala ya sukari, hata sukari ikiwa inasomeka vizuri, basi si za kuagiza kwenye begi la mgeni. Kwa paka yeyote mwenye kisukari, kuacha kula, kutapika, kulegea na pumzi yenye harufu kama ya kiondoa rangi ya kucha ni dalili za ketoni. Hapo hakungojwi asubuhi.

Yule dume tulimshusha hadi nusu yuniti baada ya kisa cha asali. Paka wanaoanza tiba mapema na kupunguziwa wanga, baadhi yao huacha kuihitaji insulini kabisa ndani ya miezi michache. Hutokea kongosho likipata nafasi ya kupumua, na dalili yake ni hii hii ya namba kuanza kushuka chini kwa dozi ambayo jana ilikuwa sawa. Bibi sasa ana daftari la mistari. Kila ukurasa una saa, namba, alichokula paka, na kwenye ukingo maneno kama "kapigana na paka wa jirani" au "wageni wa harusi". Wiki iliyopita alinionyesha siku nne mfululizo ambazo namba ya asubuhi kabla ya sindano ilikuwa chini ya 9. Tumesimamisha sindano, tunapima kila asubuhi, na mchanga bado haujarudiwa na sisimizi.