Kumruka broka hakuleti bei yote ya Marikiti

Kwa miaka mingi vyama vya ushirika vya viazi vimeambiwa kwamba ukimruka broka, yaani dalali anayenunua shambani, bei yote ya soko la Marikiti, Nairobi, inarudi kwa mkulima. Sivyo. Broka hulipia magunia, vibarua, lori, sesi (ushuru wa mazao) ya kaunti na hasara ya viazi vilivyokatwa na jembe au kugeuka kijani. Chama kikimwondoa, gharama hizo kinazirithi.

Chukua mfano wa magunia 100 ya kilo 50 (hicho ndicho kiwango cha juu kisheria, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ni mwiko). Manane yakikataliwa sokoni, lori bado limelipwa kwa 100, kwa hiyo gharama zigawe kwa 92. Mafunzo mengi huiruka hesabu hii, yakakazania katiba na uchaguzi wa viongozi.

Kinachoviua vyama hasa ni pesa taslimu. Broka hulipa shambani. Chama hulipa wiki kadhaa baadaye, na mwanachama anayedaiwa karo huuza pembeni. Mkufunzi anayejua kazi huanzia hapo: mfuko wa kulipa sehemu, tuseme asilimia 60, siku ya kupima, risiti mkononi, salio baada ya mauzo. Na viazi aina ya shangi huchipua upesi, hivyo mnunuzi apatikane kabla ya kuchimba.