Ghana: sheria ilifungua mlango wa umeme wa jua, mikataba ikauziba

Ghana ilipotunga Sheria ya Nishati Jadidifu, namba 832, mwaka 2011, ilidhaniwa kwamba kilichokosekana ili umeme wa jua na upepo uingie kwenye gridi ni sheria tu. Sheria ikapatikana, tena nzuri, lakini mwaka 2020, ambao serikali ilikuwa imeupanga kuwa mwaka wa kufikia asilimia 10, umeme huo ulikuwa karibu asilimia 1 tu ya uwezo wa mitambo yote iliyounganishwa na gridi.

Sheria hiyo iliwabana wasambazaji wa umeme na wateja wakubwa wanunue sehemu ya umeme wao kutoka vyanzo jadidifu, ikaanzisha mfuko wa kuviendeleza vyanzo hivyo, na ikamhakikishia mwekezaji bei maalumu kwa miaka 10. Bei hiyo ilipangwa na Tume ya Udhibiti wa Huduma za Umma, ilhali leseni hutolewa na Tume ya Nishati. Msomaji wa Tanzania, ambako kazi zote mbili ziko EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, asichanganye vyombo hivi viwili. Umeme wa maji ulihesabiwa kuwa jadidifu pale tu mtambo usipozidi megawati 100, kwa hiyo bwawa la Akosombo, lenye uwezo wa zaidi ya megawati 1,000, halikuingia katika hesabu ya lengo. Nadhani huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa vinginevyo lengo lingetimizwa kwa bwawa lililojengwa tangu miaka ya 1960.

Agosti 2012, sheria ikiwa bado changa, bomba linaloleta gesi kutoka Nigeria lilikatwa na nanga ya meli katika bahari ya Togo. Upungufu wa gesi, pamoja na maji kidogo mabwawani na madeni ya mafuta, ulizaa mgao mrefu wa umeme ambao Waghana waliupa jina la Kiakan, dumsor, yaani zima-washa. Serikali iliyobanwa na giza na hasira za wananchi haikuwa na subira ya kungoja mashamba ya sola, hivyo ikasaini kwa haraka mikataba mingi ya mitambo ya mafuta na gesi. Mtambo wa jua wa megawati 20 karibu na Winneba ulioanza kuzalisha mwaka 2016 ulikuwa tone tu.

Mingi ya mikataba hiyo ilikuwa na sharti la kulipia umeme hata usipotumika. Mwekezaji hulipenda sharti hilo kwa sababu benki haimkopeshi mtu asiye na uhakika wa mapato, lakini mzigo wake humwangukia mnunuzi pale mahitaji yanapokuwa madogo kuliko yalivyokadiriwa, na Ghana ndivyo ilivyokuwa. Julai 2019, Waziri wa Fedha Ken Ofori-Atta aliliambia Bunge kwamba mitambo ilikuwa na uwezo wa megawati 5,083, wakati mahitaji ya juu kabisa yalikuwa takriban megawati 2,700, na kwamba umeme usiotumika ulikuwa ukiigharimu nchi zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka. Katika hali hiyo, kumlazimisha msambazaji anunue pia umeme wa jua ni kumwongezea deni mtu ambaye tayari halipi madeni ya zamani.

Marekebisho ya mwaka 2020, kwa Sheria namba 1045, yaliweka ununuzi kwa zabuni ya ushindani, ili bei ishuke badala ya kupangwa mezani. Vilevile yaliingiza utaratibu ambao mwenye paneli juu ya paa huingiza umeme wa ziada kwenye gridi, kisha ukapunguzwa katika bili yake. Hapa kuna jambo ambalo halisemwi sana: wenye uwezo wa kufunga paneli hizo ni maduka, hoteli na viwanda, ambao bei yao ya juu ndiyo husaidia kufidia unafuu wa kaya zinazotumia umeme kidogo. Kila kiwanda kinachohamia juani humwachia msambazaji gharama zile zile za nyaya na mikataba, zikisubiri kugawanywa kwa wateja waliobaki.