Ukiubana Sana Mlango wa Lenzi, Ukali wa Picha Unapotea

Wengi wanaohamia kamera za megapikseli 45 au 61 huja na mazoea yao: mandhari ni f/16, basi, yaani tundu la lenzi libanwe sana (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Wakiikuza picha kwenye kompyuta wanakuta majani ya mbali yamevurugika, na lawama zote zinaiangukia lenzi. Mara nyingi lenzi haina kosa.

Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika. Hiyo ndiyo difraksheni. Nukta ya mwanga hufika kwenye sensa, kile kibapa cha kamera kinachopokea mwanga, ikiwa kiduara kilichozungukwa na pete hafifu, kiduara ambacho mwanaastronomia Mwingereza George Airy alikipigia hesabu mwaka 1835. Kwa mwanga wa kijani, upana wake ni kama mikromita 5 kwenye f/4, 11 kwenye f/8, na zaidi ya 21 kwenye f/16. Sasa chukua sensa ya fremu kamili (ukubwa wa filamu ya milimita 35) yenye megapikseli 45: pikseli moja ina upana wa mikromita 4.4 hivi. Kwa f/16, nukta moja tu inalalia pikseli karibu tano kwa upana! Hakuna lenzi inayokwepa hilo, hata iwe ghali namna gani.

Tundu likiwa wazi kabisa nako kuna dosari za vioo: miale ya pembezoni haikutani mahali pamoja na ya katikati, na kona za picha zinafifia. Ukibana stopu mbili au tatu (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), dosari hizo hupungua sana kabla difraksheni haijashika kasi. Lenzi ya f/2.8 kwa kawaida huwa kali zaidi kati ya f/5.6 na f/8.

Inaniudhi kusikia kwamba megapikseli nyingi ndizo zinazoleta difraksheni. Sivyo. Chapa picha mbili za f/16 kwa ukubwa uleule, ya megapikseli 45 haitashindwa na ya 24. Ila ukiikuza hadi asilimia 100, unaona ukungu ambao pikseli kubwa zilikuwa zinauficha.

Nikitaka jiwe la mbele na mlima wa nyuma vyote vionekane, natumia f/11 bila wasiwasi. Kitu kilichotoka nje ya fokasi huharibika zaidi, na ulaini wa difraksheni hurekebishika kiasi kwa kunoa picha kwenye programu. F/11 isipotosha, naweka kamera kwenye tripodi, napiga picha kadhaa kwa f/8 nikisogeza fokasi kutoka mbele kwenda nyuma, kisha naziunganisha.