Mkaa wa maganda ya kahawa umejaribiwa kwa rangi ipi?

Hapa Arusha wanafunzi wanaotafuta njia ya kusafisha maji machafu yenye rangi huniletea mkaa wa maganda ya kahawa pamoja na chupa mbili, moja ya buluu iliyokoza na nyingine yenye maji yaliyotakata. Karibu kila mara rangi waliyoijaribia ni methilini buluu, rangi ya kawaida ya maabara. Nawapongeza, kisha nauliza: maji ya fundi wa batiki yana rangi hiyo?

Methilini buluu ina chaji chanya. Mkaa wa maganda uliochomwa kwa moto wa wastani, ukiwa kwenye maji yasiyo na asidi, huwa na chaji hasi usoni, kwa hiyo vinavutana. Rangi hainyonywi kama maji kwenye sponji. Inanata kwenye kuta za vitundu, na gramu 1 ya mkaa amilifu mzuri, yaani uliotengenezwa uwe na vitundu vingi mno, ina kuta za takriban mita za mraba 1,000.

Sasa chukua Reactive Black 5, mojawapo ya rangi riaktivu, yaani zinazofungamana na nyuzi za kitambaa, zinazotiwa kwenye pamba kama ya batiki. Ina chaji hasi, na uzito wa molekuli yake ni kama 992 dhidi ya 320 za methilini buluu. Inasukumwa na uso wa mkaa, na vitundu vyembamba haiingii. Tia mkaa uleule, tikisa, chuja kwa karatasi: matone bado ni meusi yenye ubuluu. Tena beseni la kutilia rangi hii hutoka na chumvi nyingi na soda ashi (kabonati ya sodiamu), pH, kipimo cha asidi ambapo 7 ni katikati, ikiwa 10 au 11, mbali kabisa na asidi, kwa hiyo uso wa mkaa unabaki hasi.

Kwamba uso wa mkaa ndio unaoamua utashika nini, sisi wa chini ya Mlima Meru tuna mfano wa karibu. Mkaa wa mifupa hupunguza floridi kwenye maji ya kunywa kwa sababu ya fosfeti ya kalsiamu iliyo kwenye mfupa, wala si kwa kaboni yake.

Kwa rangi riaktivu unaweza kushusha pH hadi 3 hivi, uso wa mkaa ugeuke chanya. Lakini soda ashi hula asidi nyingi, na maji hayo huwezi kuyaachia Mto Themi kabla ya kuyarekebisha tena. Mimi napendelea kuloweka maganda kwenye kloridi ya chuma kabla ya kuyachoma. Oksidi za chuma hushika rangi hasi, na pH unaishusha hadi karibu na 7 tu.

Kwa hiyo kabla ya kuchoma gunia jingine, omba ndoo ya maji machafu kwa fundi wa batiki, upime pH yake na ujaribie hayo. Mkaa ukishajaa rangi usiumwage kwenye migomba: pH ikibadilika, rangi huachia tena.